Padri asiye na jina la baba na mdudu wa gerezani

Kila ninapokaa kanisani kwenye ibada ya ndoa na mhubiri akafungua Mwanzo sura ya pili, huwa nasubiri nione atafanya nini na aya ya 19 na ya 20. Mara nyingi anaziruka. Anakwenda moja kwa moja kwenye ubavu, kwa sababu maharusi wako mbele yake na wazazi wamekaa wanasubiri. Lakini kabla ya ubavu kuna kazi. Mungu anamletea Adamu wanyama wa nchi na ndege wa angani aone atawaitaje, na jina lolote analolitoa Adamu ndilo linalobaki. Mungu hamsahihishi. Hilo hunishangaza kila ninapolisoma.

Kazi hiyo haijaisha. Hadi leo wataalamu wameandikisha aina zaidi ya 50,000 za buibui. Mbawakawa, yaani wadudu wenye mbawa ngumu za juu zinazofunika mbawa laini za chini, kundi wanamohesabiwa fukusi wa mahindi na kimulimuli, wamefika karibu aina 400,000. Kila mwaka zinapatikana nyingine ambazo hazijawahi kuwa na jina katika kitabu chochote. Leo nataka nikusimulie habari za mtu mmoja aliyeifanya kazi hii ya Adamu kuliko karibu wote wa zama zake, naye alikuja duniani bila jina la kujivunia.

Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1762 katika mji wa Brive, kusini-magharibi ya kati ya Ufaransa. Alipewa jina la ubatizo Pierre André. Baba yake alikuwa jenerali, baroni wa ukoo wa Espagnac, lakini mtoto huyu alikuwa wa nje ya ndoa na baba hakumtambua mbele ya watu. Mama hakumlea. Ninyi mliowahi kufanya kazi katika ofisi ya parokia au ya usharika mnajua jinsi daftari la ubatizo linavyoonekana pale karani anapofika kwenye nafasi ya jina la baba na mkono ukasita. Mahali pengine huwekwa mstari tu. Mstari mdogo wa wino, na mtoto anaubeba hadi shuleni, hadi kwenye kipaimara, hadi siku ya posa.

Pierre André hakutupwa kabisa. Walijitokeza watu wa Brive waliomsaidia, daktari mmoja na mfanyabiashara mmoja, na baadaye jamaa wa ule ukoo wa baroni walimpeleka Paris kusoma, mwaka 1778. Huko alikutana na Padri René Just Haüy, mtaalamu wa mawe na madini, ambaye hakuona ugomvi wowote kati ya misale na kioo cha kukuzia. Pierre André alichagua njia ya wito. Mwaka 1786 alipewa upadri, akarudi Brive, na huko muda wake aliutumia vichakani akiwatazama wadudu. Alirudi tena Paris mwaka 1788 akiwa na jina la Latreille, ambalo si la baba wala la mama. Lilianza kama jina la kuitwa tu.

Kisha yakaja Mapinduzi. Mwaka 1790 serikali mpya ilitunga sheria ya kuliweka Kanisa chini ya dola, na mapadri wakatakiwa kuiapia. Wako walioapa, wako waliokataa. Latreille hakula kiapo. Hakuwa mwanasiasa, wala hakusimama juu ya jukwaa kumpinga mtu. Hakuapa tu. Novemba 1793, katika miezi ile ambayo watu walikatwa vichwa hadharani, alikamatwa, na baadaye akapelekwa gerezani Bordeaux akiwa pamoja na mapadri wengine waliohukumiwa kuhamishwa ng'ambo. Wengi wao walikuwa wazee na wagonjwa, na waliijua safari iliyokuwa mbele yao.

Hapa nakuomba usome polepole.

Daktari wa gereza alikuwa akipita kukagua wafungwa. Siku moja alimkuta padri huyu ameinama sakafuni, amekazia macho kitu kidogo. Kilikuwa mbawakawa mwenye urefu wa milimita tano hivi, mgongo wa buluu inayometa kama chuma kilichopitishwa motoni, na shingo na mabega mekundu. Wadudu wa aina hiyo hukaa kwenye nyama kavu, ngozi na mifupa. Ndugu yake wa karibu, mwenye miguu myekundu, anajulikana sana katika nchi za joto kwa kuharibu samaki wakavu na mbata. Aliyewahi kufungua gunia la samaki wakavu lililokaa ghalani bila shaka ameshamwona bila kujua. Kwa hiyo si mdudu wa bustanini. Ni mdudu wa penye mauti, na kumkuta katika gereza lile hakukuwa jambo la ajabu.

Lakini Latreille alimweleza daktari kwamba huyu ni wa nadra sana. Fikiri kidogo, ndugu yangu. Mtu anasubiri kupelekwa kufa mbali na kwao, anaulizwa na daktari anafanya nini, naye anajibu kuhusu rangi ya shingo ya mdudu. Wapo watakaosema alikuwa amerukwa na akili kwa hofu. Mimi naona kinyume chake. Aliyezoea kutazama viumbe kwa makini na heshima hakuacha kutazama eti kwa sababu yeye mwenyewe ameandikwa kwenye orodha mbaya.

Daktari alimchukua yule mdudu akampelekea kijana wa mjini aliyependa elimu ya viumbe, Jean Baptiste Bory de Saint-Vincent, mwenye umri wa miaka 15 hivi. Kijana alikuwa anazijua kazi za Latreille. Alipotambua kwamba mwandishi yule yuko gerezani, hakukaa kimya. Aliwaendea watu wenye nafasi, akasumbua, akaomba, mpaka jina la Latreille na la mwenzake mmoja wa chumba likaondolewa. Waliobaki walikufa muda si mrefu baadaye.

Sitaki kulipamba hili. Mara nyingi sisi wahubiri wa magazetini tukipata kisa cha mtu aliyeokoka tunakimbilia kupiga vigelegele na kuwasahau wale ambao hakuna mdudu aliyewatembelea. Walikuwa mapadri kama yeye, na kiapo walichokikataa kilikuwa kile kile. Walisali sala zile zile katika chumba kile kile. Sina jibu la kwa nini mmoja alichukuliwa na mwingine akaachwa, na nadhani hata Latreille aliishi na swali hilo miaka yake yote iliyobaki.

Mdudu yule kitaalamu anaitwa Necrobia ruficollis. Ruficollis ni mwenye shingo nyekundu. Jina hilo alilitoa Fabricius, bingwa kutoka Denmark, mwaka 1775. Necrobia limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, mfu na uhai. Waliolitunga walimaanisha tu kwamba anaishi juu ya mizoga. Msomaji aliyezoea kusikia mahubiri ya Pasaka ataliona jambo jingine, na sitamzuia.

Baada ya gereza Latreille alifundisha ili apate kula, na usiku akaandika. Mwaka 1796, huko huko Brive, alichapisha kwa fedha zake mwenyewe kitabu kidogo cha kuwapanga wadudu. Mwaka uliofuata misukosuko ya kisiasa ilimkuta tena, akazuiliwa nyumbani na vitabu vyake vikachukuliwa. Safari hii walimtetea wakubwa wa elimu wa Paris, akiwemo Cuvier na Lamarck. Mwaka 1798 aliingia kazini katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Paris, kupanga wadudu waliokuwa wakiletwa huko kutoka pembe zote za dunia. Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya kabati na pini, si ya altare. Wako waliomlaumu kwa hilo. Naacha kila mmoja aamue.

Kumpa kiumbe jina si kama kumbatiza mbwa wa nyumbani. Unachukua mdudu mmoja aliyekaushwa, unahesabu vipingili vya papasi zake, unatazama mdomo, makucha, mishipa ya mbawa. Unamlinganisha na wote wanaojulikana, ili usije ukampa jina jipya aliye nalo tayari. Kisha unampa maneno mawili, kwa utaratibu aliouweka Linnaeus wa Sweden: la kwanza la jenasi, la pili la kwake peke yake. Mwisho jina la aliyemtaja huandikwa pembeni pamoja na mwaka, ili akikosea ajulikane wa kuulizwa.

Wakati ule wadudu walikuwa wengi mno na vitabu vilikuwa vimevurugika. Latreille aliona kwamba kuorodhesha tu hakutoshi. Alizikusanya jenasi zinazofanana kweli kweli katika makundi makubwa zaidi, familia, na akajaribu kufuata udugu wa mwili mzima badala ya kutazama kiungo kimoja tu. Familia ya fukusi inayo jina lake na mwaka 1802 pembeni, na ile ya wadudu wanaoviringisha mavi ya ng'ombe vivyo hivyo. Mwaka 1810 alifanya jambo jingine ambalo wenzake walichelewa kuona thamani yake: kwa kila jenasi alitaja spishi moja ya kielelezo, ili watu wa baadaye wakibishana jina ni la nani, wawe na pa kurudi.

Buibui nao hakuwasahau, ingawa si viumbe wanaopendwa. Hata katika Biblia utando wa buibui, katika Ayubu na katika Isaya, ni mfano wa kitu kisichofaa kutegemewa. Mwaka 1804 Latreille alizipa majina jenasi nyingi za buibui. Mmoja anaishi Ulaya chini ya maji, ndani ya kiputo cha hewa alichokifunga kwa nyuzi, na Latreille alimwita kwa maneno yenye maana ya uzi wa fedha, kwa jinsi kile kiputo kinavyong'aa. Wengine aliwaita Heteropoda. Mmoja wa hao unamfahamu, hasa kama unakaa pwani: yule buibui mkubwa bapa wa kahawia anayetembea ukutani usiku bila kutega utando, akifukuza mende, na jike hubeba mfuko wa mayai chini ya tumbo kama biskuti nyeupe. Watoto wakimwona wanapiga kelele, na mimi nakiri viatu vyangu vimewahi kufanya dhambi juu yake.

Alipoandika kitabu kizima juu ya sisimizi na chungu, mwaka 1802, sijui ni wangapi kati ya wenzake waliokumbuka Mithali sura ya sita. Padri wa zamani bila shaka alikumbuka.

Lamarck, mwenye kiti cha elimu ya wadudu pale makumbusho, alianza kupofuka. Latreille akawa macho yake. Alifundisha badala yake mwaka hadi mwaka, akapanga makabati, akaandika, na cheo kikabaki cha mzee. Lamarck alifariki Desemba 1829. Mwaka 1830 Latreille akapewa uprofesa wa wadudu, buibui na jamii ya kaa, akiwa na miaka 67, baada ya zaidi ya miaka 30 ya kuifanya kazi hiyo. Afya yake ilikuwa imeshaanza kudhoofika. Februari 1832 wapenzi wa wadudu walipounda chama chao cha Ufaransa, walimweka yeye kitini kama rais wa heshima. Miezi miwili baadaye aliacha kazi, akaondoka Paris kuukimbia ugonjwa wa kipindupindu.

Nimeruka jambo moja makusudi, nikalitunza mpaka hapa. Mwaka 1813, alipokuwa ameshawapa majina viumbe wengi na wataalamu wa Ulaya wakimhesabu kuwa mkuu wao, ndipo serikali ilipomkubalia rasmi jina la Latreille kuwa lake. Alikuwa na miaka 50. Kwa miaka yote ile alikuwa akiliandika kwenye majalada ya vitabu, na mataifa yakilinukuu pembeni ya majina ya wadudu, hali katika karatasi za kwao lilikuwa jina la mtaani tu.

Alirudi Paris mwezi Novemba, akafa tarehe 6 Februari 1833. Hakuacha mtoto, aliyekuwa naye ni mpwa wake. Wenzake wa kile chama walichanga fedha wakamjengea nguzo ya mawe katika makaburi ya Père Lachaise. Mbali na jina lake walichonga pale mdudu mmoja mdogo, na chini yake kwa Kilatini wakaandika jina la mdudu huyo na kumtaja kuwa mwokozi wa Latreille. Kati ya viumbe wote aliowapa majina wangeweza kumchagua yeyote. Walimchagua yule wa Bordeaux mwenye shingo nyekundu, ambaye jina lake alikuwa amepewa na mtu mwingine.