Dirhamu Tatu za Salman al-Farsi



 

Nilipoambiwa niandike juu ya maisha ya mmoja katika masahaba, nilijua papo hapo nitamuandika nani. Sababu ni kijidaftari. Mwaka niliomaliza sekondari kazi ya babangu ilisimama, tukawa tunachukua unga, sukari na mafuta kwa deni. Mwenye duka alikuwa akiandika kwenye kijidaftari chenye jina la mamangu. Cha ajabu, mwezi ambao deni lilipanda zaidi ulikuwa ni Ramadhani, mwezi ambao mchana kutwa hatukuwa tukila! Nakumbuka usiku mmoja tukirudi kuswali tarawehe, mamangu alizunguka mtaa mzima ili tusipite mbele ya lile duka. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Tangu usiku ule somo la Salman al-Farsi (r.a.), ambalo madrasa nililihifadhi ili nipasi mtihani tu, nimekuwa nikilisoma kwa jicho jengine.

MTOTO WA TAJIRI

Salman alizaliwa Uajemi, katika kijiji kiitwacho Jayy, upande wa Isfahan. Babake alikuwa ndiye mkubwa wa kijiji, mwenye mashamba na mali. Alimpenda mwanawe hata akawa hamtoi nje, akamweka nyumbani awe mlinzi wa moto ambao watu wao walikuwa wakiuabudu. Kwa hivyo, ndugu msomaji, usidhani Salman aliishi maisha ya kubana kwa sababu hakuwahi kuonja raha. Raha alizaliwa nayo.

Siku moja babake alimtuma shambani, na njiani akapita kwenye kanisa, akawasikia watu wakisali. Moyo wake ukageuka. Babake alipojua alimtia pingu miguuni, lakini Salman alitoroka na msafara mpaka Sham, akitafuta dini ya haki.

Huko Sham alimtumikia kiongozi mmoja wa kanisa ambaye alikuwa akiwahimiza watu watoe sadaka, kisha akizificha kwa ajili ya nafsi yake. Alipofariki, Salman aliwaonyesha watu pale alipozificha, wakatoa mitungi saba iliyojaa dhahabu na fedha. Salman alikuwa bado kijana, na jambo hilo alikuwa akilisimulia mpaka uzeeni. Alijionea mwenyewe mali ya maskini ikilala chini ya ardhi huku maskini wenyewe wakilala na njaa.

Kutoka hapo alikwenda kwa mwalimu mmoja baada ya mwengine: Mosul, Nisibin, kisha Ammuriya. Ammuriya alifanya kazi mpaka akapata ng'ombe na kondoo wake mwenyewe. Mwalimu wake wa mwisho alimwambia kuwa wakati wa Mtume mpya umekaribia katika nchi ya Waarabu. Salman akawapa wafanyabiashara wanyama wake wote ili wamchukue mpaka huko. Wao wakamsaliti. Walipofika Wadi al-Qura wakamuuza kama mtumwa. Mwishowe alinunuliwa na mtu wa Bani Quraydha, akapelekwa Madina kufanya kazi kwenye mitende.

MITENDE 300

Alikuwa juu ya mtende aliposikia habari kuwa kuna mtu amefika Quba na watu wamemkusanyikia. Alimwendea Mtume (s.a.w.), akamjaribu kwa alama alizofundishwa. Alimpelekea chakula cha sadaka, Mtume akawapa masahaba zake na yeye asile. Akampelekea cha zawadi, akala pamoja nao. Kisha akaiona khatamu ya utume baina ya mabega yake, akaangukia kulia.

Lakini bado alikuwa mtumwa, na utumwa ndio uliomzuia kuhudhuria Badr na Uhud. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha akubaliane na bwana wake bei ya kujikomboa. Bei haikuwa mchezo: apande mitende 300 na alipe wakia 40 za dhahabu. Hapa kuna somo la kwanza. Salman hakuachwa abebe deni lake peke yake. Masahaba walichanga miche, huyu 30, huyu 20, huyu 15, huyu 10, kila mtu kwa uwezo wake. Salman akachimba mashimo, na Mtume akaja kuipanda miche kwa mikono yake mitukufu. Dhahabu nayo ikapatikana, na Salman akawa huru. Mwaka wa 5 Hijria (627) ndipo alipotoa rai ya kuchimbwa handaki, Madina ikasalimika katika vita vya Khandaq.

HAKI YA WATU WA NYUMBANI

Mtume (s.a.w.) alimuunga udugu na Abud-Dardai (r.a.). Siku moja Salman alipomtembelea, alimkuta mkewe hakujitengeneza, nguo zake duni. Alipouliza, akaambiwa kuwa nduguye hana tena haja na dunia: mchana anafunga, usiku anaswali. Salman alimlazimisha afungue ale naye, akamlazimisha alale, na mwisho wa usiku wakaamka wakaswali pamoja. Akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wa nyumbani wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alimsadikisha Salman.

Nimelitanguliza hili makusudi. Kuna watu wakisikia kubana matumizi hukimbilia kuibana familia: mke hana viatu, watoto hawana daftari, naye bwana ajisifu kuwa ni zuhdi. Huo ni ubakhili umevishwa kanzu.

GAVANA MSUKAJI

Waislamu waliifungua Madain, mji mkuu wa wafalme wa Uajemi, mwaka wa 16 Hijria (637). Baadaye Sayyidna Umar (r.a.) alimfanya Salman kuwa gavana wake. Fikiria hilo! Mtoto aliyetoroka Uajemi na alama ya pingu miguuni, akauzwa, akakombolewa, anarudi kutawala mji wa wafalme wao.

Mshahara wake ulikuwa dirhamu 5,000 kwa mwaka. Ulipokuja aliutoa wote sadaka, na yeye akala jasho la mikono yake. Alikuwa akisuka majani ya mtende. Sisi watu wa Pwani jambo hili halituhitajii tafsiri, manake wengi tumelelewa na nyanya zetu wakisuka ukili barazani, na mkeka ukishauzwa ndipo sukari hununuliwa.

Sasa sikilizeni hesabu zake. Alinunua majani kwa dirhamu moja, akayasuka, akauza alichosuka kwa dirhamu tatu. Dirhamu moja akairudisha kununua majani mengine. Moja akaitumia kwa watu wa nyumbani mwake. Moja akaitoa sadaka. Akasema kuwa hata Umar angemkataza asingeiacha kazi hiyo.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu na nimesomeshwa bajeti kwenye darasa lenye projekta, lakini sijaona bajeti fupi kuliko hii. Angalieni mpango wake. Dirhamu ya kwanza ni mtaji, nao haukuliwa. Sisi wengi biashara zetu ndogo hufa hapo: mama anauza viazi karai na mahamri, jioni pesa zote zinaingia jikoni, asubuhi anakopa unga wa kuanzia. Ya pili ni ya nyumbani, na nyumba ikaishi ndani ya dirhamu hiyo moja, haikugusa ya jirani yake. Ya tatu ni sadaka, nayo ilikuwa na fungu lake tangu mwanzo, haikungoja mabaki. Si lazima sote tugawe mafungu matatu sawasawa, kwani mwenye kodi ya nyumba na karo ana hali yake. Lakini kila shilingi na ijue kwake kabla haijatoka mfukoni.

Tena Salman hakuwa mtu wa kuishi bila mpango ati kwa kutawakali. Imepokewa kuwa alinunua wasq moja ya chakula, yaani pishi 60, akaulizwa vipi sahaba kama yeye anaweka akiba. Akajibu kuwa nafsi ikishapata uhakika wa chakula chake hutulia, ikapata faragha ya ibada. Wallahi, aliyewahi kuswali tarawehe huku akipiga hesabu za daku atalifahamu neno hili.

MGENI NA CHOMBO CHA REHANI

Kisa ninachokipenda zaidi ni hiki. Salman alipata mgeni, akamwekea alichokuwa nacho: mkate na chumvi. Akamwelezea kuwa lau si Mtume (s.a.w.) kuwakataza kujikalifisha kwa ajili ya mgeni, angejikalifisha. Mgeni akasema laiti pangekuwa na zaatari ya kutia kwenye chumvi. Salman hakuwa na pesa, akatoa chombo chake cha kutawadhia kikawekwa rehani, zaatari ikaja. Mgeni akala, akashiba, akamshukuru Allah aliyewakinaisha kwa alichowaruzuku. Salman akamwambia kuwa angekinai kweli, chombo chake kisingekuwa rehani!

Ndugu zangu, ni vyombo vingapi viko rehani mwezi huu kwa sababu ya meza ya futari? Sambusa, kaimati, viazi vya nazi, pilau, juisi aina tatu, na nusu yake inamwagwa. Tunaalikana halafu tunalipa kwa mkopo wa simu. Na wageni nasi tuna makosa, manake tukitoka kwa watu tunahesabu kilichokosekana.

NYUMBA ILIYOFUNIKWA

Salman alipooa mwanamke wa kabila la Kinda, alifika nyumbani akakuta kuta zimefunikwa mapazia na mapambo. Akauliza kama nyumba ina homa hata ikafunikwa hivyo, au Kaaba imehamia Kinda. Hakuingia mpaka yalipoondolewa yote isipokuwa pazia la mlango. Vijana mnaongoja kuoa, na wazazi mnaopanga harusi za baada ya Idi, kisa hiki nawaachieni bila maelezo.

ALIYOACHA

Salman alifariki Madain katika miaka ya 30 Hijria, na kaburi lake liko huko, karibu na Baghdad ya leo. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipomzuru katika maradhi yake alimkuta analia. Hakuwa akiogopa kufa wala hakuilia dunia. Alikumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) aliwausia kila mmoja wao atosheke na kiasi cha masurufu ya msafiri, naye akawa na hofu amepita kiasi kwa vitu vilivyomzunguka. Vitu vyenyewe vilikuwa beseni, bakuli na chombo cha kutawadhia. Vilipothaminiwa baada ya kufa kwake, vilifika dirhamu ishirini na kitu.

Nyumbani kwetu tulikaa chini siku moja, baba, mama na sisi watoto, tukafungua kile kijidaftari na kukisoma pamoja. Tulikata tuliyoweza kukata, ndugu wakatuchangia kama ile miche ya mitende, na mamangu akaanza kuuza mikate ya sinia kwa mtaji ambao ni haramu kwetu kuugusa. Ilichukua Ramadhani mbili. Siku ya kumaliza deni, mwenye duka alichana kurasa zile mbele yetu. Sasa tukitoka msikitini tunapita njia fupi.

Allah atukinaishe kwa halali yake, awakunjulie wenye madeni, na atukubalie funga zetu. Amin.