Elizabeth Hughes: Sindano 42,000 zilizompa miaka 58 ya kuishi

Agosti 1922, siku chache kabla hajatimiza miaka 15, Elizabeth Hughes alifika Toronto, Kanada, akiwa na kilo 20 tu. Nywele zilikuwa zinakatika, mifupa inahesabika, na hata kutembea ilikuwa kazi.

Baba yake hakuwa mtu mdogo. Charles Evans Hughes alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, na mwaka 1916 aligombea urais akashindwa na Woodrow Wilson. Lakini kwa kisukari cha binti yake, cheo hakikusaidia kitu.

Njaa ndiyo ilikuwa tiba

Elizabeth aligundulika na kisukari mwaka 1919, akiwa na miaka 11. Ni kile kisukari ambacho kongosho inashindwa kutengeneza insulini. Enzi hizo, mtoto akipata ugonjwa huo, familia ilijua msiba uko njiani.

Daktari Frederick Allen alikuwa na njia moja ya kuchelewesha kifo: kumnyima mgonjwa chakula. Kuna siku Elizabeth alikula kalori 400 tu. Mboga zilichemshwa mara tatu ili kutoa wanga wote. Aliishi hivyo kwa miaka mitatu.

Wakati huohuo, kikosi cha Frederick Banting pale Toronto kilikuwa kimepata insulini, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson, akachomwa. Dawa ilikuwa kidogo mno na waliokuwa wakiiomba ni wengi. Elizabeth akabahatika.

Anajichoma mwenyewe

Ndani ya wiki chache alikuwa anakula mkate na nyama, kilo zinarudi. Barua alizomwandikia mama yake wakati huo bado zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Toronto.

Ila insulini haikumponya. Dozi ya asubuhi haikufika kesho. Hivyo alijifunza kujichoma mwenyewe, mara mbili kwa siku, na alipokuwa anarudi nyumbani mwishoni mwa Novemba 1922, bomba la sindano lilikuwa sehemu ya maisha yake.

Usifikirie kalamu za insulini za leo. Bomba lilikuwa la kioo, sindano nene, zinachemshwa na kutumika tena. Dawa yenyewe ilikuwa haijasafishwa vizuri, hivyo panapochomwa panauma na kuvimba. Hakukuwa na kipimo cha sukari ya damu cha kukaa nacho nyumbani, wala simu ya kuwekea alamu.

Siri ya miaka mingi

Mwaka 1929 alihitimu Barnard College, New York. Mwaka uliofuata aliolewa na wakili William Gossett, wakapata watoto watatu. Mwaka 1974 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha chama cha kutunza historia ya Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo baba yake aliwahi kuiongoza kama Jaji Mkuu.

Katika yote hayo, watu wengi waliomzunguka hawakujua kwamba ana kisukari. Magazeti yalishamwandika akiwa mtoto mgonjwa wa waziri, na ukubwani hakutaka tena kutambulika kwa ugonjwa.

Hilo lilikuwa na gharama yake. Asiyejua unaumwa hawezi kukukumbusha dozi, wala kuelewa sukari ikishuka ghafla. Mzigo wa kukumbuka, asubuhi na jioni, safarini na sherehe zikiendelea, aliubeba karibu peke yake. Na kwa mwenye kisukari cha aina hii, kuacha insulini hata kwa siku chache kunaweza kuua.

Elizabeth alifariki Aprili 1981, akiwa na miaka 73. Inakadiriwa alikuwa amechoma sindano zipatazo 42,000. Miujiza ya Toronto ilisifiwa dunia nzima. Hizi nyingine alizichoma bila mtu kupiga makofi, na ndizo zilizomfikisha uzeeni.