Bibi Grace Hopper, Ofisa Aliyeifundisha Kompyuta Maneno ya Watu

Katika historia ya majeshi ya dunia wamo mashujaa waliopata sifa kwa silaha, na wamo waliopata sifa kwa elimu waliyowagawia wenzao. Mmojawapo wa hao wa pili ni marehemu Bibi Grace Hopper, ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambaye kazi yake iliwawezesha watu wasiokuwa wanahisabati kuiamuru kompyuta.

Bibi Hopper alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba, 1906. Tangu utotoni alikuwa mdadisi, hata akazifungua saa za kengele za nyumbani kwao ili aone zinavyokwenda. Alisomea hisabati, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, huku akifundisha katika Chuo cha Vassar.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, alitaka kulitumikia taifa lake. Umri wake ulionekana mkubwa na mwili wake mwepesi mno, lakini hakukata tamaa. Mwezi wa Desemba 1943 aliingia katika jeshi la akiba la wanamaji, na mwaka 1944 alihitimu mafunzo ya uofisa akiwa wa kwanza katika darasa lake. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kuihudumia Mark I, mashine yenye urefu wa zaidi ya meta 15, iliyokuwa ikipiga hesabu za kijeshi.

Siku hizo amri za mashine ziliandikwa kwa tarakimu na alama zilizofahamika kwa wachache tu, na kosa la tarakimu moja liliweza kuiharibu kazi nzima. Bibi Hopper hakuridhika na hali hiyo. Mwaka 1949 alijiunga na kampuni iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC huko Philadelphia, na mwaka 1952 alitengeneza A-0, programu iliyokusanya vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha kuwa kitu kimoja. Wengi hawakusadiki, kwani waliamini kwamba kompyuta ni chombo cha kupigia hesabu tu.

Kisha alipendekeza jambo kubwa zaidi: amri ziandikwe kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Wakubwa walikataa. Hapo alitumia mbinu ya mwalimu. Badala ya kushindana kwa hoja, aliandaa programu fupi ya sentensi zipatazo 20, ambayo hata karani angeweza kuisoma, akawaonyesha. Ili kuthibitisha kwamba kwa mashine maneno ni alama tu, aliwaonyesha pia programu ile ile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani.

Onyesho hilo nusura liiangushe kazi yake. Wakubwa walishtuka, wakaona haiwezekani kompyuta iliyoundwa Marekani ifahamu lugha za kigeni. Hawakutambua kwamba kwa mashine Kiingereza nacho kilikuwa lugha ya kigeni. Ilimbidi Bibi Hopper aahidi kutumia Kiingereza peke yake, na kazi ikaendelea hadi ikazaa lugha ya FLOW-MATIC.

Mwaka 1959 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikutanisha wataalamu ili itafutwe lugha moja itakayofaa kompyuta za makampuni yote. Bibi Hopper alikuwa mshauri, na lugha iliyopatikana, yaani COBOL, ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya msingi wa FLOW-MATIC. Mwezi wa Desemba 1960 ilionyeshwa hadharani kwamba programu moja ya COBOL, kwa mabadiliko machache tu, iliweza kutumika katika kompyuta za makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana.

Alistaafu mwaka 1966, lakini mwaka 1967 jeshi lilimwita tena kwa miezi sita ili asaidie kusawazisha lugha zake za kompyuta. Miezi hiyo ikawa miaka 19. Katika mihadhara yake aligawa vipande vya waya vyenye urefu wa sentimeta 30 hivi, ambao ndio umbali wa mwisho ambao mwanga huweza kwenda katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa kipande hicho, kuruta na admirali walifahamu pamoja kwa nini ujumbe upitao kwenye setilaiti huchelewa.

Alistaafu mara ya mwisho mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali wa daraja la chini. Alifariki dunia tarehe 1 Januari, 1992, akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Mwaka 1997 manowari yenye jina lake, USS Hopper, iliingia rasmi katika utumishi.

Maisha yake ni funzo kwa kila askari aliyekabidhiwa wanafunzi. Mkufunzi hodari humwonyesha kuruta kwanza jambo dogo linalotendeka, kwa maneno anayoyafahamu. Maelezo marefu huyaacha yafuate baadaye.