Getúlio Vargas: Rais aliyetia miwa katika petroli kwa amri

KABLA nishati itokanayo na mimea haijawa gumzo duniani, Brazili ilikwisha kuwalazimisha waagizaji wa petroli kununua alkoholi ya miwa, yaani ethanoli. Amri hiyo ya Februari 20, 1931 ilitolewa na Getúlio Dornelles Vargas.

Vargas alizaliwa Aprili 19, 1882 huko São Borja, kusini mwa nchi, katika familia ya wafugaji. Alipitia jeshi, akasomea sheria, akawa gavana wa Rio Grande do Sul mwaka 1928. Mwaka 1930 alishindwa katika uchaguzi wa rais. Miezi michache baadaye mapinduzi yakamwingiza madarakani.

Alipokea uchumi uliolemaa. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka, fedha za kigeni zilikuwa haba, na sukari ya Kaskazini Mashariki ilikosa soko. Kahawa iliyozidi ilichomwa moto. Miwa iliyozidi ilipelekwa kwenye magari. Kila mwagizaji alitakiwa kununua alkoholi ya nchini sawa na asilimia 5 ya petroli aliyoingiza.

Shabaha kuu, kwa kweli, ilikuwa kuwaokoa wenye viwanda vya sukari. Hilo lilidhihirika mwaka 1933, alipoanzisha Taasisi ya Sukari na Alkoholi, iliyopanga bei na kumgawia kila mzalishaji kiwango chake. Mgawo huo uliwalinda wazalishaji wakongwe wa Pernambuco dhidi ya washindani wa São Paulo.

Vita Kuu ya Pili ikageuza kibao. Nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli za Brazili mwaka 1942, petroli ikaadimika, na kiasi cha alkoholi katika mafuta kikapanda. Lakini sukari ya kaskazini nayo haikuweza kusafirishwa kwa bahari kwenda kusini, hivyo São Paulo ikaruhusiwa kuzalisha zaidi. Katika miaka ya 1950 ikaipita Pernambuco.

Mkata miwa hakuambulia kikubwa. Sheria za kazi za mwaka 1943, zilizompa Vargas sifa ya baba wa maskini, zilimwacha nje kwa sehemu kubwa mfanyakazi wa shambani.

Aliondolewa madarakani mwaka 1945, akarudi kwa kura mwaka 1951, na mwaka 1953 akaunda shirika la mafuta, Petrobras. Agosti 24, 1954, akishinikizwa na majenerali aondoke, alijipiga risasi katika Ikulu ya Catete, Rio de Janeiro. Taasisi yake ya sukari ilidumu hadi mwaka 1990.