Funakoshi: Gwiji wa karate aliyestahimili machungu ya uzee kwa subira

ALIPOZALIWA Novemba 10, 1868 katika mji wa Shuri, kisiwani Okinawa, Gichin Funakoshi alikuwa mtoto njiti, dhaifu mno kiasi kwamba jamaa zake hawakutarajia aishi miaka mingi.

Mtoto huyo aliishi hadi umri wa miaka 88. Aidha, ndiye aliyeitoa karate katika nyua za Okinawa ilikofunzwa kwa siri na kuifikisha kwa umma wa Japani, kisha ikaenea ulimwenguni. Leo hii vijana wanaovaa sare nyeupe na kufunga mishipi ya rangi katika kumbi za Nairobi na Mombasa hufuata taratibu ambazo nyingi zilipitia mikononi mwake.

Hata hivyo, mafanikio hayo ni nusu tu ya simulizi. Nusu ya pili ni jinsi mzee huyo alivyoyakabili mauti ya mwana na mke, kuharibiwa kwa kazi ya maisha yake na maumivu ya mwili uliokuwa ukichakaa.

Funakoshi alilelewa na babu na nyanya yake mzaa mama. Babu alimfunza maandiko ya kale ya Kichina, na elimu hiyo ikamwandaa kuwa mwalimu wa shule. Alikuwa amefaulu mtihani wa kujiunga na masomo ya udaktari, lakini serikali ya wakati huo haikuwakubali wenye kusuka shungi la nywele utosini, nayo familia yake iliuenzi mtindo huo wa jadi. Akaiacha nafasi hiyo.

Mnamo 1888 alilikata shungi hilo ili aajiriwe kama mwalimu msaidizi. Wazazi wake walighadhabika sana.

Mchana alifundisha watoto; usiku alijifunza karate. Alishika taa na kutembea gizani hadi nyumbani kwa mwalimu wake, Anko Azato, kwa kuwa mafunzo hayo hayakufanywa hadharani. Mwalimu wake wa pili alikuwa Anko Itosu.

Azato hakuwa mtu wa kusifu. Aliketi akitazama huku mwanafunzi akirudia kata moja, yaani mfululizo uliopangwa wa mapigo na vizuizi, usiku baada ya usiku kwa miezi kadhaa. Funakoshi hakuruhusiwa kupiga hatua nyingine hadi mwalimu aridhike.

Marudio hayo yalimchosha na mara nyingine yakamfedhehesha. Lakini ndiyo yaliyomfunza kuituliza akili mahali pamoja: kuhisi unyayo sakafuni, kufuata pumzi na kuliona kosa dogo bila kukasirika. Ujuzi huo ungemfaa baadaye kuliko ngumi yoyote.

Mshahara wa ualimu ulikuwa mdogo na familia ilikuwa kubwa. Mkewe alisuka nguo na kulima mboga ili kujaliza pengo hilo. Fauka ya hayo, alimhimiza mumewe asiache mazoezi, na yeye mwenyewe akajifunza.

KEKI ZA MABABU

Kuna kisa cha wakati huo ambacho Funakoshi alikieleza katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mnamo 1956. Usiku mmoja alivamiwa njiani na wanaume wawili. Alikuwa na keki zilizonuiwa kutolewa kwa mababu katika madhabahu ya familia. Badala ya kupigana, aliwapa keki hizo akaenda zake.

Walimu wake waliposikia walifurahi. Kwao, kijana mwenye uwezo wa kuumiza ambaye anachagua kutoumiza alikuwa ameanza kuielewa karate.

Funakoshi aliufanya mtazamo huo kuwa msingi wa mafunzo yake. Alishikilia kwamba mwanakarate hatangulii kushambulia, na kwamba mafunzo huanza kwa heshima na kuisha kwa heshima. Adui wa kwanza, kwa mujibu wa fikra zake, ni hasira na majivuno ya mtu mwenyewe.

Mnamo Mei 1922 alitumwa Tokyo kuonyesha karate katika maonyesho yaliyoandaliwa na Wizara ya Elimu. Alinuia kurejea nyumbani mara moja, lakini Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alimwalika katika ukumbi wake wa Kodokan. Watu wengine pia walimsihi abaki.

Alibaki, akiwa na umri wa miaka 53. Mkewe hakumfuata, kwa kuwa aliona ni wajibu wake kuyatunza makaburi ya mababu Okinawa. Wawili hao waliishi mbalimbali kwa zaidi ya miaka 20.

Tokyo haikumpokea kwa zulia jekundu. Aliishi katika bweni la wanafunzi kutoka Okinawa, ambako mchana alifagia vyumba na kupalilia bustani ili apate riziki, na jioni akafundisha. Alikubaliana na mpishi wa bweni kumfunza karate, naye akapunguziwa gharama ya chakula.

Mwalimu wa makamo aliyeacha kazi ya heshima kwao angeweza kuona aibu kushika ufagio. Funakoshi hakuona hivyo. Kufagia na kufanya kata vilikuwa kwake kazi zenye kudai uangalifu ule ule.

Pole pole karate ilikubalika. Mnamo 1924 chama cha karate kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Keio, na vyuo vingine vikafuata. Katika miaka ya 1930 aliongoza juhudi za kubadilisha maandishi ya jina la mchezo huo, kutoka maana ya mkono wa Kichina hadi mkono mtupu. Utupu huo haukumaanisha kukosa silaha pekee, bali pia moyo usio na ubinafsi.

Wanafunzi wake walimjengea ukumbi ulioitwa Shotokan. Jina hilo lilitokana na Shoto, lakabu aliyoitumia katika mashairi, iliyomkumbusha sauti ya upepo katika misonobari karibu na Shuri alikokuwa akitembea peke yake ujanani.

MWAKA WA MAJONZI

Kisha ukaja mwaka wa 1945. Ukumbi huo uliteketea katika mashambulizi ya ndege za kivita. Okinawa iligeuka uwanja wa vita ambamo makumi ya maelfu ya raia waliangamia. Mwaka huo huo mwanawe wa tatu, Gigo, aliyekuwa mkufunzi mkuu na tegemeo lake, alifariki kwa kifua kikuu.

Mkewe alinusurika na kukimbilia Oita, katika kisiwa cha Kyushu. Funakoshi alimfuata huko wakaishi pamoja tena, wakiwa wazee na mafukara. Furaha hiyo haikudumu. Bibi huyo aliaga dunia mnamo 1947.

Mzee alipanda garimoshi kurejea Tokyo akibeba majivu ya mkewe. Katika vituo njiani, wanafunzi wake wa zamani walijitokeza kumpa mkono wa tanzia. Ukumbi ulikuwa umeteketea, lakini watu aliowalea walikuwepo.

Kuanzia 1948 maradhi ya viungo yalimwandama. Kwa mtu aliyeishi kwa kutegemea miguu na mikono yake, huo ulikuwa mtihani mkubwa. Hakujifanya kijana. Alipunguza yale ambayo mwili haukuyaweza tena na kuendelea na yale uliyoyaweza. Chama cha Karate cha Japani kilipoundwa mnamo 1949, alikubali kuwa kiongozi wake wa heshima licha ya kuwa na umri wa miaka 80.

Kila asubuhi alichana nywele zake kwa utaratibu, kazi iliyoweza kuchukua saa nzima. Baada ya kuvaa nadhifu, aliinama kuelekea kasri la mfalme, kisha kuelekea Okinawa, ndipo akanywa chai. Viungo viliuma, lakini siku haikuanza kwa kulalamika.

Hata hivyo, mzee huyo hakujiona malaika. Alikuwa na umri wa takriban miaka 80, wakati wa njaa iliyofuata vita, alipovamiwa na mwizi usiku. Mtu huyo alimrushia pigo la mwavuli. Mzee aliinama, akamshika sehemu za siri kwa mkono mmoja, naye akakwama kwa maumivu hadi polisi wa doria alipopita.

Mwingine angejigamba. Funakoshi aliona haya. Alimfikiria mtu yule kuwa huenda alikuwa askari aliyerudi kutoka vitani bila kazi, na akahisi kwamba alikuwa ameivunja kanuni aliyowafunza wengine. Kijana aliyetoa keki alikuwa amefanya vyema kuliko mzee aliyeshinda.

Gichin Funakoshi aliaga dunia Aprili 26, 1957. Mnamo 1968 mnara wa kumbukumbu yake ulizinduliwa katika hekalu la Engakuji, Kamakura, ukiwa na maandishi ya kanuni yake ya kutotangulia kushambulia. Mnamo 2021 karate ilishindaniwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, jijini Tokyo, mji ule ule alikoshika ufagio.

Wahenga walinena kuwa mstahimilivu hula mbivu. Funakoshi alizila baadhi, na nyingine hakuziona kamwe. Lakini uzee wake unaonyesha kwamba maumivu yasiyoondoka yanaweza kubebwa kwa kuitimiza kazi ndogo iliyo mbele ya mtu, siku baada ya siku, bila kuwatwisha wengine hasira yake.