Padre Carnoy na Hadubini Yake

Sisi mafrateri tunaosaidia masomo ya likizo Handeni na Korogwe huulizwa swali moja mara nyingi: seli moja inakuwaje mbili? Wengi wa wanaouliza wameona mchoro wa ubaoni tu. Basi tuwasimulie maisha ya padre aliyetaka wanafunzi wajionee wenyewe.

Jean-Baptiste Carnoy alizaliwa Ubelgiji mwaka 1836, akawa padre wa Jimbo la Tournai. Alisomea sayansi, na mwaka 1876 akaitwa kufundisha Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven. Hapo alianzisha mafunzo ya seli kwa hadubini.

Ugumu ulikuwa huu: seli ikifa huharibika upesi. Carnoy akachanganya sehemu sita za alkoholi, tatu za klorofomu na moja ya asidi asetiki. Mchanganyiko huo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Ncha ya mzizi wa kitunguu ikitumbukizwa humo, kila seli hubaki pale ilipofikia: hii kromosomu zake zimejipanga katikati, ile zimevutwa pande mbili, nyingine inajenga ukuta mpya. Picha moja tu yaweza kubeba hatua zote.

Mwaka 1884 alianzisha jarida la La Cellule. Mwaka uliofuata alichapisha humo uchunguzi wa seli za wadudu na jamaa zao. Kwa kuona tofauti nyingi, alihitimisha kwamba katika mgawanyiko hakuna hatua iliyo ya lazima. Hapo alipita kiasi. Sayansi ilikuja kuthibitisha kwamba kila kromosomu hugawanyika sawasawa, na hilo ndilo lenyewe. Mwanafunzi wake, Padre Victor Grégoire, aliendeleza kazi palepale Leuven, akasaidia kueleza jinsi seli za uzazi zinavyopunguza kromosomu kuwa nusu.

Carnoy alifariki mwaka 1899. Kwetu tunaosoma falsafa, somo ni zito: Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba ujuzi wetu huanzia katika milango ya fahamu. Mwalimu anayefundisha kuona anaweza kusahihishwa na wanafunzi wake, na ukweli ukasonga mbele. Anayefundisha kukariri huwaachia makosa yake pia.

Pasipo hadubini, tuanze na picha yake. Kabla ya kutaja jina la hatua yoyote, tumwulize mwanafunzi: seli ipi imetangulia, nawe umejuaje?