Baudelaire mjini Brussels: Maradhi yaliyoitwa ya neva

Wasomaji wetu mnaoishi Brussels bila shaka mmewahi kupita mtaa wa Rue de la Montagne, hatua chache kutoka stesheni ya Gare Centrale. Katika nambari 28 ya mtaa huo palikuwa na hoteli iliyoitwa Grand Miroir. Hoteli hiyo haipo tena. Ndimo alimoishi mshairi mashuhuri wa Kifaransa Charles Baudelaire kwa karibu miaka miwili, akiugua maradhi ambayo madaktari walishindwa kuyaeleza.

Baudelaire alizaliwa Paris tarehe 9 Aprili mwaka 1821. Akiwa na miaka 20, familia yake ilimpandisha meli iliyokuwa ikielekea India ili kumtenga na marafiki wabaya, lakini alifika Mauritius na kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, akakataa kuendelea na safari. Hivyo basi Bahari ya Hindi, bahari yetu, imo ndani ya mashairi yake. Diwani yake maarufu, Les Fleurs du mal, ilitoka mwaka 1857, na mwaka huohuo mahakama ya Paris ikamtoza faini na kupiga marufuku mashairi sita.

Aliwasili Brussels Aprili 1864 akikimbia madeni. Alitarajia kupata mchapishaji na kulipwa faranga 500 kwa mihadhara. Mchapishaji hakupatikana, na kwa mihadhara alipewa faranga 100 tu. Akabaki hotelini, deni la chumba likiongezeka, huku akiandika maneno makali mno, na mara nyingi ya kuonea, dhidi ya Wabelgiji.

Maradhi yalianza taratibu. Kwanza tumbo lilimsumbua kwa miezi, moyo ukamwenda mbio, na usiku akapata homa. Yeye alilaumu chakula na bia ya huko. Kisha yakaja maumivu ya neva kichwani, na mara nyingine aliandika barua akiwa amejifunga kitambaa kilicholoweshwa dawa. Mnamo Januari 1866 hali ilibadilika. Akiwa ameketi tu, bila kulewa na hata bila kula, kizunguzungu kilimkamata ghafla. Alianguka na kushikilia samani zikaanguka pamoja naye, akatapika nyongo, jasho baridi likamtoka. Baada ya saa chache alikuwa mzima tena, akisubiri lingine. Kusubiri huko, nadhani, ndiko kulikomchosha zaidi.

Madaktari walimpa kwinini, belladonna, kasumba na maji ya Vichy, wakamkataza kahawa, chai na pombe. Mmoja wao alimwambia kuwa tatizo lake ni histeria. Leo neno hilo limeachwa katika tiba, lakini wakati ule lilimaanisha kwamba daktari haoni kasoro yoyote mwilini na anazilaumu neva za mgonjwa. Baudelaire, mtu wa maneno, hakudanganyika. Aliwaandikia marafiki zake wa Paris kwamba neno hilo ni njia ya daktari ya kukiri ameshindwa. Kwa rafiki yake Asselineau alieleza dalili moja moja, akitafuta maoni mengine. Kwa mama yake aliandika, kisha akamsihi asiwe na wasiwasi. Mgonjwa aliye peke yake katika chumba cha kupanga nchi ya watu, mwenye kumficha mama yake nusu ya habari: wengi wetu ughaibuni tunamjua.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Tangu ujana alikuwa ameambukizwa kaswende. Jeanne Duval, mwanamke aliyempenda kwa miaka mingi, alipatwa na kupooza mwaka 1859. Kaka yake wa baba mmoja, Alphonse, alikufa kwa kiharusi Aprili 1862. Mwezi Januari mwaka huohuo Baudelaire mwenyewe aliandika katika daftari lake kuwa amepata onyo la ajabu, kana kwamba akili yake iko karibu kumtoka.

Katikati ya Machi 1866 alikwenda Namur pamoja na mchoraji Félicien Rops na mchapishaji wake Poulet-Malassis. Ndani ya kanisa la Saint-Loup, alilolipenda sana, alianguka. Tarehe 20 Machi alimwandikia mama yake kuwa hajambo sana wala haumwi sana. Siku kumi baadaye hakuweza tena kushika kalamu. Upande wa kulia ulipooza, na maneno yakamtoka.

Je, madaktari walikosea? Kwa kipimo cha leo, ndiyo, na wengi wanaamini kaswende ilikuwa imeharibu mishipa ya damu ya ubongo. Lakini kijidudu cha kaswende kiligunduliwa mwaka 1905, na kipimo chake cha damu kikaja mwaka 1906. Huko Paris, daktari Paul Broca alikuwa ametangaza mwaka 1861 tu kwamba usemi una mahali pake katika ubongo. Leo daktari anapomwambia mgonjwa mwenye ganzi na kizunguzungu kuwa hakuona hatari, huwa amekwishapima damu, na pengine ametazama picha ya kichwa. Daktari wa mwaka 1866 alikuwa na macho, mikono na masikio.

Mwanzoni mwa Aprili alipelekwa katika hospitali ya watawa mjini Brussels. Kati ya maneno yote aliyowahi kuyapanga, lilibaki tusi moja fupi tu, na alilitamka kwa kila jambo, la furaha au la hasira. Masista walishtuka, na hakukaa huko hata mwezi. Mama yake alikuja kumchukua, akamrudisha Paris majira ya kiangazi. Katika kliniki ya Daktari Duval aliwatambua wageni na kuwaelewa, na mke wa mchoraji Manet alikuja kumpigia piano nyimbo za Wagner.

Alifariki dunia tarehe 31 Agosti 1867 akiwa na miaka 46. Alizikwa katika makaburi ya Montparnasse, kaburi moja na Jenerali Aupick, baba yake wa kambo, ambaye waligombana naye kwa miaka mingi.